Eyes on Asteroids: "karibu" ya wanaastronomia si karibu yetu

Kiswahili kina neno moja, kimondo, kwa jiwe linalozunguka angani, kwa mwanga unaokatiza usiku na kutoweka, na hata kwa lile bonge la chuma la takriban tani 16 lililolala Mbozi, mkoani Songwe. Haishangazi, basi, kwamba kila redio inapotangaza kuwa kimondo kitapita karibu na dunia, wapo wanaotoka nje kukitazama na wapo wanaoanza kuomba toba. Eyes on Asteroids, huduma ya mtandaoni iliyotengenezwa na maabara ya JPL ya shirika la NASA la Marekani, inafaa sana kwa makundi yote mawili.

Huduma hiyo ni ya bure na hufunguka katika kivinjari cha kawaida. Inaonyesha Jua, sayari, na asteroidi, yaani mawe yanayolizunguka Jua, zinazofahamika kupita jirani na dunia, ambazo idadi yake imeshazidi 30,000, na mtumiaji anaweza kutafuta mojawapo kwa jina, kuisogelea, kisha kuupeleka muda mbele au kuurudisha nyuma. Vyombo vya angani navyo vimo, kikiwemo DART, kilichoigonga asteroidi Dimorphos tarehe 26 Septemba 2022 na kupunguza kwa zaidi ya nusu saa muda ambao Dimorphos hutumia kuizunguka asteroidi mwenzake kubwa zaidi, Didymos.

Nguvu yake kubwa, kwa maoni yangu, ni ile sehemu inayohesabu muda uliobaki kabla ya asteroidi tano zinazofuata kutupita. Hapo ndipo msomaji anapogundua kwamba "karibu" ya wataalamu inaweza kufika kilomita milioni 7.5, yaani takriban mara 19 ya umbali wa Mwezi, na kwamba mipito ya namna hiyo ni jambo la kila wiki. Baada ya hapo ipeleke kalenda hadi tarehe 13 Aprili 2029 na uitazame Apophis, yenye upana wa zaidi ya mita 300, ikipita kilomita 32,000 tu kutoka usoni mwa dunia, chini ya satelaiti nyingi za mawasiliano. Haitatugonga, na kukiwa hakuna mawingu itaonekana Afrika kwa macho matupu. Hiyo ndiyo karibu ya kweli.

Kasoro yake ni kwamba kila njia imechorwa kwa mstari mmoja mwembamba, kana kwamba hakuna shaka yoyote juu yake. Mwanzoni mwa mwaka 2025, uwezekano wa asteroidi 2024 YR4 kuigonga dunia mwaka 2032 ulipanda hadi kama asilimia 3, kisha ukaporomoka karibu na sifuri, na wengi walidhani wanasayansi wamebabaika au wanaficha jambo. Ukweli ni kwamba vipimo vinapoongezeka, eneo ambalo asteroidi inaweza kupita husinyaa. Dunia ikiwa bado imo ndani ya eneo hilo, sehemu inayoichukua huzidi kuwa kubwa na asilimia hupanda, mpaka siku dunia inapobaki nje. Mstari mmoja hauwezi kueleza hayo, na hilo ndilo somo ambalo umma unalihitaji kuliko picha nzuri.

Vilevile nukta za asteroidi zimekuzwa mno ili zionekane, kiasi kwamba anga linafanana na kituo cha daladala saa za jioni. Tena zilizomo ni zile tu zinazojulikana: jiwe la kama mita 20 lililolipuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, Februari 2013 na kujeruhi watu wapatao 1,500, wengi wao kwa vioo, halikuwa limeonwa na yeyote kabla.

Maelezo ya Kiswahili hayamo. Mwalimu wa jiografia au fizikia mwenye projekta na intaneti ya kuaminika ataitumia vizuri zaidi akiwa yeye ndiye msimulizi, akianza na Mwezi kama kipimo, halafu Apophis.