Printi za Hayter: bei ya mshahara wa kawaida, ila zishike kwanza mkononi

Nianze na bei, maana najua ndilo swali la kwanza. Printi halisi ya Stanley William Hayter, yenye sahihi yake ya penseli na namba ya nakala, niliipata mnadani hapa Paris kwa euro 420. Ukijumlisha asilimia 28 ambayo mnada humtoza mnunuzi, ikafika kama euro 538. Ya pili nilinunua dukani kwa euro 900. Dada yangu wa Tanga alipoziona kwenye simu alijibu neno moja tu: "Mabati." Anajenga, hesabu zake ziko wazi, na simlaumu. Mimi nafanya kazi mapokezi ya hoteli, zamu ya usiku, sina gari, sivuti sigara. Hela yangu ya starehe imeenda huko.

Kwa printi zenyewe natoa 9 kwa 10. Kwa mnada natoa 4, na nitaeleza kwa nini.

Hayter ni nani? Mwingereza, alizaliwa London mwaka 1901, akasomea kemia King's College, akaenda Abadan, Uajemi, kufanya kazi kwenye kampuni ya mafuta. Mwaka 1926 akahamia Paris, na mwaka uliofuata akafungua karakana ya kuchapa. Mwaka 1933 karakana ikahamia namba 17 rue Campagne-Première, mtaa wa Montparnasse, ndiyo maana ikaitwa Atelier 17. Waliopita pale kuchapa ni wasanii mashuhuri: Picasso, Miró, Giacometti, Max Ernst. Vita vilipokuja akaihamishia New York, na ni huko mchoraji Mmarekani Jackson Pollock alikochonga mabamba yake mwaka 1944 na 1945. Mwaka 1950 Hayter akarudi Paris, akaendelea kuchapa hadi alipofariki mwaka 1988.

Sasa jaribu kununua printi ya Miró yenye sahihi, halafu urudi kwa Hayter. Wageni wake wamepanda bei, mwenye nyumba amebaki chini. Sababu za sokoni sizijui zote na wala hazinisumbui, zinanifaa.

Ninaposema printi simaanishi bango. Hii ni picha iliyochimbwa kwenye bamba la shaba au zinki, kwa chuma cha kuchongea au kwa tindikali inayokula mahali palipoachwa wazi. Wino unasukumwa ndani ya mifereji, uso wa bamba unafutwa, karatasi ya pamba iliyoloweshwa inawekwa juu, vyote vinapita kwenye mashine yenye mgandamizo mkubwa. Karatasi inalazimishwa kuingia mferejini kuufuata wino. Kwa hiyo kila mstari unaouona umesimama. Ni kigongo cha wino juu ya karatasi, si rangi iliyolala.

Ujanja wa Hayter, ambao yule mkemia ndani yake aliutoa, ni wa rangi. Kwa kawaida ukitaka rangi tatu unatengeneza mabamba matatu, na kila nakala inapita mashineni mara tatu. Yeye na wenzake wa karakana, hasa Krishna Reddy na Kaiko Moti, wote wawili Wahindi, waliziweka rangi zote juu ya bamba moja na kulipitisha mara moja. Bamba linaliwa na tindikali kwa vina tofauti. Wino wa kwanza unajaza mifereji. Kisha rola ngumu yenye wino mwepesi, uliotiwa mafuta mengi ya kitani, inagusa sehemu za juu tu. Kisha rola laini yenye wino mzito inabonyea na kufika chini. Wino mzito ukikuta mwepesi umetangulia, haushiki. Unakataliwa. Kila rangi inabaki kwake bila mtu kuichorea mpaka.

Hiyo ya euro 420 ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, enzi alipokuwa akichonga picha za mawimbi. Ukisimama mbali unaona machungwa kali na buluu zikipishana kama maji ya bandarini jioni, yakiwa na mafuta ya meli juu. Sogea. Machungwa iko juu, buluu iko chini, na panapokutana hapana ukungu wala mchanganyiko. Kuna ukingo mkali, na kwenye ukingo huo buluu imejikunja kidogo, imekuwa nzito. Niliiweka mezani, nikazima taa ya dari, nikalaza tochi ya simu ubavuni mwa karatasi. Hapo picha iligeuka kitu kingine. Mistari ikatupa vivuli. Alama ya bamba ikaonekana pande zote nne, karatasi imezama ndani yake kama nusu milimita. Kona ya chini kushoto kuna mahali mstari mmoja unaanza mwembamba kama unywele, unanenepa, unageuka, unarudi kuwa unywele. Unaona kabisa kwamba mkono ulitulia na ni bamba lililokuwa likizungushwa. Sijawahi kuona picha ya simu inayolionyesha hilo, hata moja.

Ndiyo maana nasema zishike kwanza. Anayenunua Hayter kwa kutazama skrini ananunua mchoro wa rangi za kelele. Kitu chenyewe ni uso wa karatasi.

Mnada basi. Jina silitaji. Picha ya katalogi ilipigwa printi ikiwa ndani ya fremu, kioo kikirudisha mwanga wa dirisha, na kwenye hali ya karatasi waliandika maneno mawili ya kusema imetumika kawaida. Niliomba picha ya nyuma, nikajibiwa niende siku ya maonyesho, ambayo ilikuwa saa zangu za kulala. Nikapiga bei kwa simu, nikashinda, nikawaandikia waitume ikiwa bapa kati ya kadibodi mbili. Ikaja imekunjwa ndani ya bomba! Printi ya wino mnene namna hii haikunjwi. Wino unaweza kupasuka, na vile vigongo nilivyovisema vinasuguana ndani kwa ndani. Nilipolalamika walisema ndivyo wanavyotuma karatasi zote. Nashukuru haikupasuka, lakini nyuma kulikuwa na utepe wa gundi wa zamani, umegeuka kahawia, kwenye kingo mbili. Kuuondoa kwa mtaalamu wa karatasi kulinigharimu euro 120. Ziongeze kwenye ile bei ya mwanzo.

Dukani mambo yalikuwa mengine. Ni kaduka kembamba upande wa rue de Seine, mwenyewe ni mzee asiyependa maneno mengi. Nilimwambia natafuta Hayter wa rangi, akafungua droo pana, akatoa tatu moja moja, kila moja kati ya karatasi laini, akanisogeza hadi dirishani bila kuulizwa. "Monsieur, chukua muda wako," akarudi kwenye redio yake. Alinionyesha mwenyewe doa dogo la unyevu pambizoni kabla sijaliona. Bei alishusha kidogo, si sana. Nikalipa kwa mafungu matatu bila riba. Kwa huduma ile tofauti ya bei siioni kuwa ghali, hasa ukikumbuka utepe wa gundi.

Ukitaka kununua, haya ndiyo ninayoyaangalia. Pambizo ziwe nzima, kwa sababu mafundi fremu wa zamani walikuwa wakizikata karatasi zilingane na fremu, na printi iliyokatwa hadi kwenye alama ya bamba thamani yake inaporomoka. Sahihi iwe ya penseli, na karibu nayo namba kama 32/50, yaani nakala ya 32 kati ya 50. Nyingi za Hayter ni za idadi ndogo namna hiyo. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia ukaona vidoti vidogo vilivyopangwa safu, hiyo ni nakala ya kiwandani, rudisha. Muulize muuzaji namba ya katalogi ya Peter Black na Désirée Moorhead, iliyotoka mwaka 1992. Humo printi zake zimeorodheshwa, na asiyeijua namba hiyo pengine hajui anachouza. Mwisho, angalia kama kuna mstari wa kahawia unaozunguka picha. Huo umeletwa na kadibodi mbaya ya ndani ya fremu, yenye asidi, na hauondoki kirahisi.

Na rangi. Hili ni muhimu kwa zile za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, alipoanza kutumia rangi za kung'aa, zile zinazowaka kama fulana ya fundi wa barabara. Mwanga unazila. Niliwahi kuona moja mnadani iliyokaa miaka ukutani mkabala na dirisha. Waridi yake ilikuwa imebaki rangi ya chai ya maziwa, ila chini ya kadibodi, pale mwanga haukufika, utepe mwembamba ulikuwa bado unapiga kelele. Za kwangu nimeziwekea kioo cha kuzuia miale ya jua, na fundi akaacha nafasi kati ya kioo na karatasi ili wino usigandie. Ziko ukuta wa korido, kusiko na dirisha. Fremu moja euro 160. Hilo nalo liingie kwenye bajeti, watu hulisahau.

Nina lawama? Ninayo. Hayter alifanya kazi nyingi sana, na si zote zina nguvu sawa. Baadhi ya zile za mawimbi zinafanana mno, kana kwamba bamba lilikuwa linamkubalia haraka. Na huwezi kutundika mbili bega kwa bega. Zinagombana, chumba kinachoka. Wajuzi wengi watakwambia kilele chake ni miaka ya 1940, na ukiona Cinq personnages ya mwaka 1946, ile aliyoichapa kwa machungwa, kijani na zambarau juu ya bamba moja kubwa, utawaelewa. Mimi pia nawaelewa. Lakini hiyo ni ya makumbusho na ya watu wenye madalali wao. Tena zile nyeusi za miaka ya 1930, ukali wote ule wa watu na farasi waliosokotana, nazistahi zaidi ya ninavyozipenda. Ningeletewa bure ningeweka moja. Nyumbani nataka maji.

Yule mzee wa dukani amenipigia wiki hii. Amepata nyingine ya miaka ya 1970, kijani juu ya nyekundu, anataka euro 1,100. Nimeenda kuiona: wino mzima, sahihi safi, lakini pambizo ya chini imekatwa vidole viwili. Nimemwambia 700. Amecheka, ameirudisha kwenye droo, na hajasema hapana.