Tumelipia kilo 141 za upepo: uzoefu wangu na wakala wa kusafirisha nyara

Nilishaapa sitaandika hili jambo, lakini juzi mteja wangu kanipigia kanisalimia vizuri, kaniuliza habari za familia, halafu mwishoni kwa upole kabisa akaniuliza "hivi ile bili ilikuwa ya haki?" na usiku ule sikulala. Kwa hiyo naandika. Jina la kampuni silitaji, wanaofanya hizi kazi Dar watajua wenyewe nasemea godauni lipi.

Mimi ni mwindaji bingwa, nina miaka mingi napeleka wageni kuwinda Selous. Mgeni akishapiga mnyama wake na akapanda ndege kurudi kwao, watu wengi wanadhani shughuli imekwisha. Haijaisha hata nusu. Pembe, ngozi na mafuvu, ndizo tunaita nyara, yote yanabaki huku, na kuyafikisha sebuleni kwake Marekani ni safari nyingine yenye bili zake, na mgeni anakuwa hayupo, anakutegemea wewe na huyo wakala uliyemwelekeza. Mimi ndiye niliyemwelekeza. Nilimwambia hawa jamaa ni wazuri, niliwahi kuwapa mzigo wakafanya kazi safi. Ndio maana kinaniuma hivi.

Huyu mteja tulikuwa tunamwita Babu kambini, na yeye alilipenda hilo jina. Sio tajiri. Sijui kwanini huku mtu akiona mzungu na bunduki anaona benki inatembea. Babu ni fundi wa mabomba aliyestaafu, alidunduliza miaka na miaka, akauza na pikapu yake, aje mara moja tu maishani. Alipata mbogo wa inchi 39, tandala mkubwa mzuri sana, swala pala na kiboko. Basi. Hakuja kuchezea hela.

Sasa nieleze kuhusu tandala, maana hapo ndipo roho inaponichoma. Tuna mzee mmoja wa kuchuna, mkono wake sijauona kwa mtu mwingine. Usiku ule alikaa na ngozi ya kichwa cha tandala chini ya taa mpaka saa nane, anageuza masikio kwa kijiti alichokilainisha mwenyewe, taratibu, sentimita kwa sentimita mpaka ncha, maana ukiacha sikio halijageuzwa chumvi haifiki ndani, nywele zinanyonyoka, na fundi wa kule Marekani anayetengeneza kichwa cha kutundika hana cha kufanya. Akapasua midomo, akatoa nyama yote, akapaka chumvi, kesho yake akakung'uta ile iliyolowa akapaka nyingine. Pembe tulizichemsha kwenye pipa. Pembe ya tandala ile unayoiona nje ni ala tu, ndani kuna mfupa, ukichemsha vizuri ala inachomoka yenyewe, mfupa unaukata mfupi. Na kwa sababu Babu alitaka kichwa na mabega ya kutundika ukutani, sio fuvu, mafuvu ya tandala na ya mbogo tuliyakata kwenye matundu ya macho tukabakiza kile kipande cha juu tu. Mzee akafunga pembe za tandala kamba, nyekundu ya kulia, nyeupe ya kushoto, akazilaza pamoja moja ndani ya mzunguko wa nyingine, zikawa mzigo mwembamba kama kuni za mama mmoja.

Kwanini tulihangaika hivyo? Kwa sababu ndege haikutozi kwa uzito peke yake, inakutoza kwa nafasi. Wanapima kreti urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wanagawa kwa 6000, wanapata kilo za ujazo, halafu wanalinganisha na mizani, inayozidi ndiyo unayolipia. Pembe ni nyepesi ila zinakula nafasi. Anayefunga mzigo ndiye anayeamua bili, sio mnyama.

Basi mzigo ukashuka Dar, ukapokelewa kwa ajili ya kusafishwa tena, kuchovywa dawa ya wadudu na kufungwa. Nikaenda siku chache kabla ya kuruka, kuaga tu mzigo. Nikakuta kreti limeshafungwa, skrubu zote zimekazwa. Zuri kwa macho, mbao mpya, mhuri wa suke la ngano na herufi HT ubavuni kuonyesha mbao zimepitishwa kwenye joto, bila huo mhuri huko mbele hawapokei mbao zako. Ila kubwa. Kubwa mno. Nikaligonga na ngumi likalia kama ngoma. Nikagonga upande wa pili, ngoma. Nikawaambia fungueni. Wakanuna, wakafungua.

Jamani. Vitu vyangu vilikuwa chini kabisa kama vimetupwa kisimani, juu yake karatasi, maboksi yaliyokunjwa na yale mapovu ya plastiki mpaka mdomoni. Pembe za tandala zimefunguliwa kamba za mzee, moja imesimamishwa kona hii, nyingine kona ile. Nikaazima tepu ya fundi seremala aliyekuwa pale: urefu 150, upana 100, kimo 90. Pigeni wenyewe hesabu, ni kilo 225 za ujazo. Mizani yao wenyewe ilisema 84. Yaani kilo 141 ni upepo, na kwa dola 7 kwa kilo waliyotupigia, upepo peke yake ni dola 987. Nikapanga vile vitu sakafuni pale pale kwa mkono wangu: vinaingia kwenye kreti la 110 kwa 60 kwa 60 na karatasi zake, ambalo ujazo wake ni kilo 66, maana yake ungelipia uzito halisi na kwaheri.

Nikapanda juu ofisini kwa yule bwana wa invoisi. Nimeingia kwa adabu, shikamoo kwa mama aliyekuwa mapokezi, habari za kazi kaka, nikamweleza pole pole. Hakuinua macho kwenye simu. Akasema kreti ndio lile lenye mhuri lililokuwepo, la mteja mwingine aliyeahirisha, kutengeneza jingine ni wiki mbili na unalipia. Nikamwambia kaka, lakini mteja hajui chochote kuhusu kreti la mtu mwingine, mbona gharama iende kwake? Ndio akainua macho, akaniangalia kuanzia viatu, akasema:

"Kaka, anayelipa mzungu. Wewe kinakuuma nini?"

Mpaka leo ninaisikia hiyo sauti. Hakupiga kelele, angepiga kelele ningeelewa ni hasira za kazi. Alisema kama mtu anayemweleza mtoto jambo lililo wazi. Kinaniuma nini! Nimetembea na yule mzee wa miaka sabini na kitu siku kumi na moja kwenye miombo, mbung'o wanatula, tunafuata mbogo toka giza la asubuhi, nimemshika mkono kuvuka korongo. Mzee wetu wa kuchuna amekesha na sikio la tandala. Halafu wewe uliyekaa kwenye kiyoyozi unaniuliza kinaniuma nini?

Nikampigia Babu. Ni kweli kulikuwa na tatizo la muda, kibali cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, cha kusafirisha nje kinaishi miezi sita tu na cha kiboko kilikuwa kinakaribia ukingoni. Wiki mbili za kreti jipya, halafu kutafuta tena nafasi kwenye ndege, tungeingia kwenye hatari ya kuanza kuomba upya. Babu akanyamaza kidogo, akasema waambie waende nalo. Akalipa. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Hapa lazima niwe mkweli, maana kuna kijana mmoja pale ambaye sitaki hii hasira imguse. Yeye ndiye wa makaratasi, anazunguka Idara ya Wanyamapori kwa CITES, TAWA ile mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, mifugo kwa cheti cha afya, forodha. Kibali kilichelewa kwa sababu yake, na alikuwa sahihi. Wiki kadhaa kabla ya hilo balaa la kreti, aliweka meno ya kiboko mezani akayahesabu, yakawa sita. Kibali kimeandikwa manne. Kosa lilianzia kwenye fomu yetu ya kambini, hilo ni letu. Bosi wake alimwambia aufunge mzigo uende, nani atahesabu. Kijana akagoma. Akaniambia "mzee, kiboko yuko Kiambatisho cha Pili cha CITES, biashara yake inadhibitiwa kwa kibali, forodha wakigonga mhuri kwa meno manne halafu kule wakute sita, hawa watu wa wanyamapori wa Marekani hawabishani na wewe, wanachukua." Akarudi mwenyewe kufuatilia marekebisho, karibu mwezi mzima, na siku ya kuondoka akahakikisha forodha wamegonga mhuri kwenye kibali chenyewe na kuandika idadi, maana karatasi isiyogongwa wakati wa kutoka ni sawa na huna. Kule mzigo ulifunguliwa, ukahesabiwa, ukapita. Nimewahi kuona mzigo wa mgeni mwingine ulipotea mazima kwa kukosa huo mhuri. Kwa hiyo kama unaniuliza vitu vilifika? Vilifika. Vyote, na nywele zake. Na fundi wa Babu amesifia masikio ya tandala.

Kwa hilo nilikuwa nimeandika nyota tatu. Nikasema labda nimekuza jambo, kreti ni kreti, hata mbao zenye mhuri sio rahisi kupatikana na wao wana gharama zao. Na kweli tangu 2015, baada ya simba Cecil kuuawa Zimbabwe, hata ndege za kubebea zimepungua, shirika la ndege la Delta la Marekani walitangaza hawabebi tena nyara za simba, chui, tembo, faru wala mbogo, na wengine wakafuata. Mbogo hayumo hata kwenye orodha ya CITES lakini naye akaingizwa. Kwa hiyo wakala hana pa kubembeleza sana bei, hilo naelewa kabisa.

Halafu nikafungua tena invoisi. Nikakuta mstari wa chini: tozo ya kuhifadhi mzigo godauni. Siku za kurekebisha kibali sawa, kosa letu, tulipe. Lakini humo wamehesabu na siku tisa ambazo mzigo ulikuwa umeshafungwa ukisubiri wao waletewe hela na mteja wao mwingine ili waunganishe safari moja. Kreti lile lile la upepo lilikaa siku tisa likilipiwa kodi ya nafasi! Nikapiga simu, akapokea yule yule. Nilipomtajia siku tisa akacheka na kukata.

Hapo nyota zikashuka. Sio mbili, moja. Na hiyo moja ni ya kijana wa makaratasi, ningeweza kumpa yeye binafsi tano ningempa.

Kwa wenzangu mnaopeleka mizigo, na kwa wageni mnaosoma Kiswahili, msikubali bei ya jumla inayotajwa kwenye simu. Muulizeni vipimo vya kreti kabla halijapigiliwa, kwa sentimita, mtumiwe picha na tepu ikiwa juu yake, na picha ya ndani kabla ya kufunika. Kama unataka kichwa cha kutundika usisafirishe fuvu zima, na pembe za tandala zichomolewe kwenye mfupa. Na kumbukeni bili ya huku ni nusu ya habari, kule kuna wakala wa forodha mwingine, kuna ukaguzi, na kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo huku kwetu, ngozi mbichi za mbogo na tandala haziendi nyumbani kwa mtu moja kwa moja, zinapelekwa kwanza kwa fundi aliyeidhinishwa, na kreti linasafirishwa tena hadi kwake kwa lori. Babu alilipia ule upepo mara mbili, angani na barabarani. Hilo nimelijua juzi kwenye simu, na ndilo lililoninyima usingizi.

Alinitumia picha. Tandala yuko ukutani, shingo imegeuka kidogo kushoto kama alivyokuwa amesimama asubuhi ile. Nimempelekea mzee wa kuchuna akaiangalia muda mrefu, akaikuza kwa vidole kwenye masikio, akanirudishia simu bila kusema neno, anatabasamu.

Pale kwa yule bwana sirudi. Nasikia yule kijana wa makaratasi naye kaacha kazi. Mwenye kujua alipo aniunganishe naye, nina mzigo wa pofu, yule swala mkubwa, na mbogo wawili kwenye chumvi na sijampa mtu yeyote bado.