Sare za arusi kutoka Tanga: doti 34 na hesabu yake yote

Wiki tatu kabla ya arusi ya binti wa dada yangu tulikaa barazani kwa mama, hapa Likoni, tukiwahesabu wanawake wa upande wetu watakaovaa sare. Wakafika thelathini na wanne. Siku ile ile nilikuwa nimeuliza bei Biashara Street, mjini Mombasa: leso nzuri, yaani kanga, pamba tupu, 650 kwa doti (jozi moja) nikichukua nyingi. Mara 34 ni shilingi 22,100. Dada akasema neno ambalo kwetu husemwa kila ikitajwa leso: "Si uende Tanga? Kule ni bure."

Si bure. Nimekwenda na nimerudi, na kila shilingi niliyotoa nimeiandika kwenye daftari langu la ushonaji. Naiweka hapa hesabu yote, kwa sababu wanaotusifia Tanga hutaja bei ya dukani tu. Nauli hawaitaji, wala kodi.

Nilitoka saa kumi na moja alfajiri, Jumatatu moja ya mwezi wa saba. Matatu ya Likoni hadi Lunga Lunga ni 400. Basi la moja kwa moja hadi Tanga lipo, lakini linaanzia ng'ambo, kisiwani, na saa zake hazikuniwezesha kwenda na kurudi siku moja. Mpakani siku hizi ni kituo cha pamoja. Ukitoka Kenya unapitiliza hadi jengo la Horohoro, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja. Nilikuwa na pasipoti ya Afrika Mashariki, na viza hatulipi. Niliulizwa kadi ya homa ya manjano nikaitoa. Mama aliyenifuata hakuwa nayo, akawekwa kando, na mimi nikaondoka bado amekaa pale na mkoba wake mapajani. Kadi hiyo ibebeni.

Fedha nilibadilisha pale nje, shilingi moja ya kwetu kwa 19 na nusu ya kwao. Nilitoa 17,500, nikatakiwa kupata 341,250. Kijana alinihesabia haraka haraka, noti zimekunjwa katikati. Nikazikunjua mbele yake nikahesabu upya moja moja: zimepungua elfu ishirini. Aliziongeza bila neno. Noti iliyokunjwa katikati huhesabika mara mbili, kwa hiyo zikunjue kabla hujasogea hatua moja, maana ukishageuka huna la kudai.

Kutoka Horohoro hadi mjini Tanga ni kilomita 65 za lami nzuri, nauli ya Noah 5,000 za kule. Saa nne nilikuwa Ngamiani. Mtaa huu hupotei, barabara zake zimepewa namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu, unahesabu tu. Nilichukua bajaji hadi karibu na soko la Mgandini, na kuanzia hapo nikatembea.

Kwa wenzangu wa Mombasa wanaokwenda mara ya kwanza: ukifika kule usiseme leso. Leso kwao ni kile kitambaa cha kufutia jasho. Mwaka juzi niliomba "leso thelathini" na kijana akaniletea vitambaa vya mkononi kwenye boksi, vimepangwa vizuri. Kule ni kanga, na jozi yake ni doti kama kwetu.

Duka la kwanza lilikuwa na bei ya kuvutia: 8,500 kwa doti. Rangi nzuri, zambarau na manjano, ndiyo aliyoitaka dada. Nikaikunjua nisome jina, yale maneno yaliyochapwa juu yake: "Hasidi hana sababu." Nikaikunja. Wanawake thelathini na wanne waingie kwenye arusi wamevaa neno hilo, mbele ya wakwe wapya ambao hata majina yao hatujayajua yote? Kila mama wa upande wa pili angejiuliza hasidi ni nani. Leso husomwa. Kwetu pwani mtu anaweza kunyamaza miaka kumi na leso yake ikasema kwa niaba yake, na sare ya arusi ni leso inayosema kwa sauti ya ukoo mzima. Nilipouliza kama wana jina jingine kwa bei ile ile, hakuna. Nilipouliza risiti ya mashine, yule muuzaji akasema ataniandikia kwa mkono, bei yoyote nitakayotaka ionekane. Nikatoka.

Duka la pili ndilo ninalolisifu. Ni dogo, la kona, mlangoni kuna benchi la mbao na ndani kanga zimepangwa hadi darini. Mwenyewe ni mzee wa makamo ya baba yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza natoka wapi, arusi ni ya nani, wangapi. Hakutaja bei. Alishusha marobota matatu, akanikunjulia moja moja na kunisomea majina mwenyewe, na yale ya mafumbo akayaweka pembeni bila kuambiwa. Tukakubaliana na "Wema hauozi", kijani kibichi na nyeupe, mji wake, ile sehemu ya kati, una maua ya mkorosho.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nguo siichukui kwa macho. Nilichomoa uzi mmoja pembeni, nikamwomba kiberiti. Alinipa bila kununa, tena akasogea kutazama. Uzi wa pamba ukiungua unanuka kama karatasi na unaacha jivu jepesi linalopeperuka. Uzi uliochanganywa na nailoni unajikunja, unayeyuka, unaacha kijipunje kigumu. Huu ulipeperuka. Kisha nikalowesha kitambaa cheupe kwa maji ya chupa, nikasugua kwenye kijani mara ishirini hivi. Kitambaa kikatoka na kivuli hafifu sana cha kijani, ambacho ni kawaida kwa leso mpya. Ingetoka rangi kamili ningeiacha, kwa sababu arusi ni jasho, na rangi inayotoka huishia kwenye kanzu ya mwenzako. Mwisho nikaikunja kati, pindo juu ya pindo. Leso iliyochapwa vibaya, pindo la upande mmoja huwa jembamba kuliko la pili, na ukija kuipinda jina linakwenda mshazari. Hii ilikaa sawa.

Akataja 9,500. Nikamwambia, "Baba, nachukua thelathini na nne, ni zaidi ya korija, zaidi ya ishirini." Akafikiri, akasema, "Haya mwanangu, 9,200, na risiti ya mashine nakupa." Nikalipa 312,800. Ukingoni mwa kila moja imeandikwa kuwa imetengenezwa Tanzania. Nilihakikisha hilo, na sababu yake mtaiona nikifika forodhani. Baadhi ya kanga zinazouzwa Tanga zimetoka India, na kwa macho hazitofautiani.

Nilikula wali na samaki, nikanywa mtindi wa Tanga Fresh. Mtindi ule pekee unamfurahisha mtu aliyesafiri tangu alfajiri. Sokoni niliuliza mchele, 2,600 kwa kilo, yaani kama 133 za kwetu, na dukani kwangu Likoni mchele wa aina ile ni 170. Nafuu ipo, lakini mchele unataka gari, si bega. Sabuni na mafuta ya kupikia niliyatazama pia, sikuona tofauti ya kumtoa mtu nyumbani. Chenji iliyobaki nilinunulia machungwa ya Muheza, na hayo siyatii kwenye hesabu, watoto waliyamaliza usiku ule ule.

Sasa mpakani, wakati wa kurudi. Kabla hata Noah haijasimama, kijana wa bodaboda alishaliona robota langu. "Mama, nikupitishie kwa huku, mia tatu tu, huulizwi kitu." Njia za panya zipo na wanaozipita ni wengi, najua. Lakini robota lile lilikuwa nguo za mama yangu, dada zangu, shangazi zangu. Likishikwa porini nitawaambia nini wiki tatu kabla ya arusi? Nikamwambia hapana, akaenda zake.

Ukielekea Kenya, shughuli yote inafanyika jengo la Lunga Lunga, na maofisa wa Tanzania wamo humo humo. Kwa mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000, wenye bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuna cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Nilionyesha risiti na ukingo wa kanga, ofisa akasoma, akanijazia. Kwa cheti hicho ushuru wa forodha hulipi. Kanga na vitenge vya kutoka nje ya Jumuiya ushuru wake ni mkali, na ndiyo maana ule ukingo una thamani. Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia barazani: cheti kinaondoa ushuru wa forodha, hakiondoi VAT. Asilimia 16 ya Kenya niliilipa, 2,567.

Basi hesabu yangu ni hii. Kanga 312,800 za Tanzania ni 16,041 za kwetu. VAT 2,567. Matatu kwenda na kurudi 800. Noah kwenda na kurudi, bajaji na chakula, vyote pamoja 23,000 za kule, yaani 1,180. Hamali wa mpakani na malipo ya mzigo kwenye matatu, 300. Jumla ya safari peke yake ni 2,280, na jumla ya kila kitu ni 20,888. Biashara Street ningelipa 22,100. Nimeokoa shilingi 1,212.

Wengine nyumbani walinyamaza nilipowasomea. Walitarajia nusu kwa nusu. Lakini fuateni hesabu yenyewe: kila doti, ukishatia na VAT, imenigharimu kama 547, kwa hiyo inaniokolea 103. Safari ni 2,280 hata ukinunua doti moja. Kwa doti 22 unatoka sufuri. Chini ya hapo unamlipa mwenye Noah ili ukanunue ghali. Doti sita za shughuli ya nyumbani, vuka feri kwa miguu, ambayo ni bure, ununue Biashara Street. Doti hamsini, nenda Tanga, utabaki na karibu 2,900 mkononi. Na kama mtaani kuna arusi mbili mwezi mmoja, aende mmoja na orodha zote mbili. Mimi nilikwenda Jumatatu, siku ambayo kwangu kazi huwa chache. Fundi mwenye foleni ya nguo aitie na siku yake kwenye hesabu.

Kisutu, ile leso maalumu ya bi arusi, sikukinunua Tanga. Hicho nilikichukua Biashara Street, duka ambalo mama yangu alininunulia changu, kwa sababu kisutu kikiwa na kasoro nataka niweze kukirudisha kwa miguu yangu.

Na kasoro ilipatikana kweli, ila kwenye sare. Alhamisi nilikuwa nakata na kupinda, nimefika doti ya kumi na tisa, nikaikuta pindo lake moja limefifia upande mzima, kama lililochapwa wino ukiishia. Kosa langu ni kwamba pale dukani nilikagua tano tu kati ya thelathini na nne. Kurudi Tanga kwa doti moja ni 2,280. Faida yote ingeliwa na bado ningedaiwa.

Nambari ya simu ya yule mzee ilikuwa kwenye risiti. Nilimpigia bila matumaini makubwa, nikamweleza. Akauliza, "Umeshaikata?" Nikamwambia bado. "Basi nipigie picha unitumie, ile yenye kasoro baki nayo." Nikamtumia. Jumamosi jioni dereva wa basi akanipigia nikachukue kifurushi kisiwani. Kilikuwa kwenye mfuko wa khaki, jina langu limeandikwa kwa kalamu ya wino, ndani doti moja ya "Wema hauozi", kijani ile ile. Nilimuuliza dereva nampa ngapi. Akasema imeshalipwa huko huko Tanga.