Fainali ya Miss World 2025 ilivyotazamwa Malindi: jukwaa limemeta, washiriki wamebanwa

Fainali ya 72 ya Miss World, iliyofanyika tarehe 31 Mei 2025 katika ukumbi wa HITEX mjini Hyderabad, India, ni onyesho lililopangwa kwa ustadi mkubwa wa taa, muziki na mavazi, lakini linawanyima washiriki wake kile ambacho waandaaji wenyewe hukitaja kuwa ndicho kipimo chao, yaani nafasi ya kusema na kueleweka. Nililitazama kuanzia alasiri, kwa saa zetu za Afrika Mashariki, katika mkahawa mmoja wa Malindi ulio karibu na ufukwe, nami nalitathmini kama ambavyo ningetathmini huduma nyingine yoyote: kilichoahidiwa, kilichotolewa, na mtazamaji anayefaa kutenga Jumamosi yake kwa ajili hiyo.

Ahadi yenyewe imebadilika sana tangu shindano lianze. Eric Morley aliliasisi London mwaka 1951, na mshindi wa kwanza, Kiki Håkansson wa Uswidi, alivishwa taji akiwa amevaa bikini, jambo lililozua lawama hata wakati ule. Tangu miaka ya sabini waandaaji wamekuwa wakisisitiza kaulimbiu ya urembo wenye lengo, ambayo humtaka kila mshiriki aje na mradi wa kuwasaidia watu wa kwao. Mwaka 2013 fainali ilipofanyika Bali, Indonesia, katikati ya upinzani wa vikundi vya Kiislamu, bikini iliondolewa na warembo wakavaa saroni za kisiwa hicho, vazi ambalo mtu wa pwani yetu angelitazama na kuona kikoi. Mwaka uliofuata Julia Morley, mjane wa mwasisi na kiongozi wa shindano baada yake, alitangaza kwamba raundi ya mavazi ya kuogelea imefutwa kwa jumla. Kwa hiyo anayelikataa shindano hili leo kwa sababu ya picha za zamani analikataa jambo ambalo halimo tena katika ratiba, na ni haki kulisema hilo kabla ya kutaja kasoro.

Kasoro kubwa iko katika muundo. Washiriki walikuwa 108, na hakuna onyesho la jioni moja linaloweza kumtambulisha mtazamaji kwa watu wengi kiasi hicho, hata kama kila mmoja angepewa dakika moja tu. Walichofanya waandaaji ni kuwapitisha kwa makundi, jina la nchi likitajwa, gauni likionekana, kamera ikihama kabla jicho halijatulia. Kazi ya kweli ya uchambuzi ilikwisha kufanyika katika wiki zilizotangulia, kwenye raundi za vipaji, michezo, uanamitindo na majadiliano ya ana kwa ana, ambako washindi walijihakikishia nafasi ya kuendelea. Mtu aliyezifuata raundi hizo alifika kwenye fainali akiwa na vipenzi vyake na sababu za kuwapenda. Asiyezifuata, na wengi mkahawani hawakuzifuata, alibaki kuchagua kwa sura na kwa bendera.

Jambo moja katika muundo huo ninalisifu bila kusita, nalo ni mgawanyo wa kanda. Walioendelea waligawanywa sawasawa kati ya Afrika, Amerika na Karibi, Asia na Oseania, na Ulaya, mpaka wakabaki wanane, wawili kwa kila kanda, kisha wanne, mmoja kwa kila kanda. Wapo wanaolalamika kwamba utaratibu huu huwaacha nje washiriki hodari wa kanda zenye ushindani mkali, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo, kwa mtazamaji wa Malindi faida yake ilionekana wazi, kwa kuwa Afrika haikuweza kufutwa mapema katika jioni ile. Hasset Dereje wa Ethiopia na Selma Kamanya wa Namibia waliingia nane bora, na Hasset akaenda hadi nafasi ya pili, nyuma ya mshindi, Opal Suchata Chuangsri wa Thailand. Maja Klajda wa Poland alikuwa wa tatu na Aurélie Joachim wa Martinique wa nne.

Opal alistahili. Ni Mthailand wa kwanza kulitwaa taji hili, na hakuwa mgeni wa majukwaa makubwa, kwani miezi michache kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa watano wa mwisho wa Miss Universe 2024 nchini Mexico. Uzoefu huo ulionekana katika namna alivyosimama wakati wengine walipokuwa wakihangaika na pindo za magauni yao. Mradi wake unahusu uhamasishaji juu ya saratani ya matiti, na una chimbuko katika maisha yake mwenyewe, maana alipokuwa na umri wa miaka 16 aligunduliwa kuwa na uvimbe uliohitaji upasuaji, ambao kwa bahati haukuwa saratani. Hapa ndipo onyesho lilipokuwa na mali mkononi likaipoteza. Habari kama hiyo ingeweza kumfikia mama wa Malindi au wa Lamu ambaye hajawahi kujichunguza, na ambaye huenda asisikilize mhadhara wa zahanati lakini angemsikiliza msichana aliyevaa taji. Badala yake tulipata kipande kifupi cha picha, sauti ya muziki ikiwa juu ya maneno, na swali moja la mwisho ambalo kila mmoja wa wanne alilijibu mbio mbio. Muda uliotumika kwa nyimbo na ngoma za wasanii waalikwa ulizidi kwa mbali muda waliopewa hao wanne kuzungumza. Ngoma zenyewe zilikuwa nzuri, sikatai, lakini aliyetaka ngoma za Kihindi angeweza kuzipata kwingine bila kuwasimamisha wasichana 108 nyuma ya pazia.

Nguvu ya mpango huo wa miradi inafahamika vyema zaidi nje ya jukwaa. Krystyna Pyszková wa Jamhuri ya Cheki, aliyemvisha Opal taji baada ya kulishika tangu Machi 2024, anajulikana kwa shule ya watoto wasiojiweza aliyosaidia kuianzisha nchini Tanzania. Mezani kwetu hakuna aliyekuwa na habari hiyo, ingawa ni jambo lililofanyika kwa majirani zetu, na onyesho halikufanya juhudi ya kutosha kulieleza.

Kwa kuwa mazungumzo ya mkahawani yalirudi mara kwa mara kwenye swali la lini Afrika Mashariki itashinda, ni vyema kuiweka kumbukumbu sawa. Nancy Sumari wa Tanzania alitawazwa Miss World Africa, yaani mshindi wa kanda ya Afrika, mwaka 2005. Evelyn Njambi wa Kenya aliingia tano bora mwaka 2016, na Magline Jeruto, pia wa Kenya, akafanya vivyo hivyo mwaka 2017. Mwaka 2018 Quiin Abenakyo wa Uganda akaingia tano bora na kuitwa Miss World Africa. Safari hii Kenya iliwakilishwa na Grace Ramtu, ambaye hakufika nane bora, na shangwe za Malindi zikahamia kwa Hasset bila kinyongo. Eneo letu, basi, limekaribia mlango mara kadhaa, na waliosema mezani kwamba warembo wetu huenda huko kutalii tu walikuwa wanasema wasilolijua.

Mkahawa ule ulikuwa na wateja wa kila namna, wakiwemo akina mama waliovaa mabuibui na vijana wa vyuo, na suala la sitara lilizungumzwa kwa uwazi. Bibi mmoja aliyekaa meza ya jirani alisema kwamba magauni mengi aliyoyaona yalikuwa na heshima kuliko yale ya harusi za siku hizi mjini, na kwa mengi kati ya hayo sikuwa na cha kumpinga. Wapo waliodhani kwamba msichana anayejistiri kwa hijabu hawezi kupanda jukwaa lile. Anaweza, na alikwisha panda: Khadija Omar, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi hapa Kenya na kuiwakilisha Somalia, alishindana akiwa na hijabu katika shindano la 2021, ambalo fainali yake ilifanyika Puerto Rico mwezi Machi 2022 baada ya kuahirishwa kwa sababu ya korona. Hilo halimlazimishi mzazi yeyote wa Malindi kumpeleka bintiye, na wako wenye hoja nzito za dini na malezi ambazo haziondolewi na vazi peke yake. Linachofanya ni kuuhamisha mjadala kutoka kwenye kitambaa hadi kwenye swali gumu zaidi, la kama mabinti wapangwe safu na kupewa alama.

Swali hilo halikuepukika mwaka huo wa 2025. Katikati ya Mei, Milla Magee, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza, alijitoa na kurudi kwao, akieleza hadharani kwamba alifanywa chombo cha kuwafurahisha watu, na waandaaji wakayakanusha madai yake. Kabla ya hapo palizuka malalamiko nchini India kuhusu picha za wanawake wenyeji wakiwaosha miguu warembo walipozuru hekalu la Ramappa. Wengine waliitetea kuwa ni desturi ya kumkirimu mgeni, na pwani pia tunajua kwamba mgeni huandaliwa maji, lakini kumpa mtu maji na kuinama mbele ya kamera kumwosha miguu ni mambo mawili tofauti. Fainali ilipita kana kwamba hakuna lililotokea, na ukimya huo ulipunguza imani yangu katika maneno yote ya utu yaliyosemwa jukwaani.

Ziara hizo, hata hivyo, zilionyesha jinsi jimbo la Telangana, ambalo mji mkuu wake ni Hyderabad, lilivyolitumia shindano kama bidhaa ya utalii. Warembo walipelekwa kwenye jengo la kale la Charminar, kwenye mahekalu, na Pochampally kwa wafumaji wa vitambaa, kila mahali wakifuatwa na kamera. Mtu wa Malindi hawezi kuyatazama hayo bila kufikiria Gede, mji wetu wa magofu, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, au Mji wa Kale wa Lamu ulioorodheshwa tangu 2001. Kama nilivyoona, vipande vya wafumaji ndivyo vilivyokuwa na uhai zaidi, kwa sababu pale washiriki waliuliza maswali ya kweli na mafundi wakawajibu kama watu wanaojua kazi yao.

Kuhusu mkahawa wenyewe, huduma ilikuwa ya wastani. Hapakuwa na kiingilio, ila kila meza ilitakiwa kuagiza, na sharubati ya ukwaju ilikuwa baridi na haikuzidishwa sukari. Viazi karai vilifika vikiwa vya moto mara ya kwanza na vuguvugu mara ya pili. Runinga iliwekwa ikielekea upande wa bara, hivyo jua la alasiri lilifuta nusu ya picha mpaka saa kumi na moja ilipopita, na haieleweki kwa nini hakuna aliyefikiria kutundika hata shuka. Mtandao ulikatika wakati wa raundi ya makundi, ambako hasara ilikuwa ndogo. Adhana ya magharibi ilipoanza, mwenye mkahawa alizima sauti bila kuombwa, akairudisha ilipokwisha, na waliotaka kwenda kuswali walikuta meza zao zimehifadhiwa. Anayepanga kwenda huko kutazama shindano lijalo aketi upande wa jikoni, ambako picha inaonekana na sauti inasikika, na aagize chakula mapema, kwa sababu wapishi nao hutoka nje kutazama wanne wa mwisho wanapoitwa.