Fundi aliyenicheka, na povu la mama mkwe

Niliapa nisiandike maoni haya ya kumpa nyota fundi wangu wa umeme, nimeshindwa. Kila nikipita ukumbini nikiiona ile meni swichi ukutani, swichi kubwa inayokata umeme wa nyumba nzima ukizidi, moyo unanichemka upya.

Nyumba yetu iko Kange, Tanga, ndani ndani huko. Mwaka juzi, au mwanzoni mwa mwaka jana, tulipofika hatua ya kuingiza umeme, nikamwambia fundi niliyeelekezwa na watu: "Fundi, mimi nataka njia tatu." Yaani umeme wa fezi tatu, unaokuja kwa nyaya tatu za moto badala ya mmoja. Akacheka. Tena si kicheko cha utani. Ni kile cha kumgeukia kwanza kijana wake ndipo acheke. "Mama, kwani unafungua mashine ya kusaga? Njia moja inakutosha, utazeeka nayo." Akaendelea kutoboa ukuta. Hakuniuliza napikia nini. Hakuniuliza bafuni kutawekwa nini, viyoyozi vingapi, maji yanapandaje tangini. Hata kalamu hakushika. Nami nikanyamaza, maana ukiwa unajenga unaogopa kumuudhi fundi kuliko kumuudhi mume.

Umeme ukawaka, tukashukuru. Taa, feni, friji, hakuna neno. Mpaka kaskazi ilipoingia, na joto la Tanga mnalijua, tukafunga viyoyozi viwili. Siku hizo hizo mama mkwe akashuka kutoka Lushoto kuja kututazama. Mama yule hata jua liwake vipi haogi maji baridi. Kwa heshima yake tukamfungia hita ya bafuni, ile inayopasha maji papo hapo, wati 5,500.

Jioni wageni wamejaa, viyoyozi vinavuma, ovenini mna mkate wa kumimina, jagi la umeme linachemsha maji ya chai. Pampu nayo ikajiwasha. Ta! Giza. Kimya kidogo, halafu sauti kutoka bafuni: "Mwanangu, povu limeniingia machoni!" Nikapapasa na tochi ya simu, nikapandisha swichi. Haukupita muda, ta! tena. Mara ya tatu mama akasema basi, nileteeni ndoo. Mama mkwe wangu. Ndoo. Nyumba mpya!

Nikampigia fundi. "Mama, punguzeni matumizi." Akakata simu. Hapo nyota moja niliona nyingi.

Tukamwita fundi mwingine, mzee mmoja wa Ngamiani. Huyo alianza kwa kuuliza, tena akiandika kwenye kipande cha boksi: wati gawa kwa volti 230, upate ampea, yaani kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya. Hita peke yake 24. Oveni 10, jagi 9, viyoyozi kama 10 kwa pamoja, pampu 5, na inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya hapo. Karibu 60. Akafungua kifuniko, akaninyooshea kidole: swichi kubwa ni ya 40.

"Si nilisema njia tatu, mzee wangu!" nikasema, kwa ushindi kabisa. Akatikisa kichwa. Njia tatu ni mita nyingine, gharama nyingine, na mizigo lazima igawanywe vizuri kwenye fezi zote. Kwa nyumba isiyo na mota kubwa ya nini? Waya ulioshuka kutoka nguzoni ni wa milimita za mraba 16, hauna shida. Kibaya ni huu wa 6 kutoka kwenye mita ya LUKU kuja ndani, na swichi iliyochaguliwa kuufuata. Nikamwambia basi aweke swichi kubwa tu, yaishe. Akaniangalia kama mtoto: waya huo ungeungua kabla swichi haijakata. Akabadili waya kwanza, ndipo akafunga ya 63.

Kwa hiyo yule aliyenicheka alikuwa sahihi. Njia moja inatosha! Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Kwa haki ya Mungu aliniokolea pesa, na nikaanza kufikiria kumpa nyota tatu. Lakini mtu ajue jibu bila kuuliza swali, si kubahatisha huko? Mbili, basi. Kazi yake ya taa ilikuwa safi, sina la kusema.

Juzi mama mkwe kapiga simu. Anakuja tena, na kauliza kwa upole wake ule: "Mwanangu, nije na ndoo yangu?"

Moja.