Waini Nyekundu Mgahawani: Omba Ndoo ya Barafu

Wadau, karibuni tena mezani. Leo niko mgahawani, Mikocheni, saa moja jioni, mwezi wa tatu, feni inazunguka lakini shati limeshaloa. Nina jambo limenikaa kooni wiki nzima, leo nalitoa. Kama hujafikisha miaka 18, video hii siyo yako.

Mezani nina waini nyekundu kavu ya Dodoma, ya zabibu ile ya Makutupora. Lebo, ukubwa wa chupa, asilimia za kilevi, hayo mnayajua, nayaruka. Leo naongelea joto. Joto tu!

Jumamosi iliyopita nilikaa mgahawa mmoja wa ufukweni, jina naliacha. Nikaagiza waini hii hii. Kijana akaitoa kwenye rafu juu ya kaunta, pembeni ya mashine ya kahawa. Kuishika chupa, ina uvuguvugu kama chai uliyoisahau mezani. Nikaomba barafu. Akanijibu kwa upole kabisa, "Kaka, nyekundu haiwekwi baridi, inanywewa kwa joto la chumba." Jamani, chumba cha wapi? Maneno hayo yametoka Ulaya, kwenye nyumba za mawe za enzi hizo, chumba kina nyuzi 16, kikizidi sana 18. Hapa Dar chumba kina nyuzi 30! Yule kijana simlaumu, ndivyo alivyofundishwa. Aliyemfundisha ndiye ninayemtafuta.

Sasa sogeza kamera. Hapo hapo. Glasi mbili, chupa moja. Hii ya kushoto niliimimina chupa ikitoka rafuni. Natumbukiza kipimajoto... nyuzi 29. Nainusa. Mmeona nilivyorudisha kichwa nyuma? Kilevi ndicho kinachotangulia, kinachoma pua kabla hujaisikia zabibu. Nikionja, koo linawaka, na lile tunda limelegea, limekuwa kama jamu iliyokaa jikoni muda mrefu.

Kisha chupa nikaitia kwenye ndoo, dakika 15 kwa saa yangu. Hapa naomba mnisikilize: barafu pamoja na maji. Barafu tupu inagusa chupa hapa na pale, katikati ni hewa. Mimina maji yafike shingoni, chupa yote inaoga baridi. Haya, glasi ya kulia... nyuzi 18. Nainusa. Ahaa! Kilevi kimekaa chini, kimetulia. Nasikia zambarau, zile nyeusi zinazoacha rangi mdomoni, na pilipili manga kwa mbali. Na ule ukakasi, kama wa kung'ata bibo, upo pembeni ya ulimi lakini haukung'ang'anii. Chupa ile ile, wadau! Sijabadilisha kitu.

Ila usizidishe. Ukiisahau mle ndani mpaka ikawa baridi kama soda, harufu inajifungia na ukakasi unakuwa wa ndizi mbichi. Ikifika huko, kumbatia glasi kwa viganja viwili, itarudi yenyewe.

Kuhusu bei, dukani hii nimeinunua 25,000, hapa ni 70,000. Inauma, lakini glasi moja moja inauma zaidi: 18,000 kwa glasi, na chupa inatoa glasi tano, piga hesabu, 90,000. Zamani nilikuwa nasema ukiwa peke yako chukua glasi. Siku hizi nasitasita, maana mara nyingi unamiminiwa kutoka chupa iliyofunguliwa juzi, imeingia hewa, inaelekea kuwa siki. Muulize mhudumu ilifunguliwa lini. Ni haki yako, unalipa.

Najua kuna mtu anaandika, "Mbona hukuchukua Pinotage, ile nyekundu ya Afrika Kusini?" Naipenda sana Pinotage. Wenzetu wa huko walichanganya zabibu za Pinot Noir na Cinsaut pale Stellenbosch mwaka 1925, wamekaa na mbegu yao wakaijua. Kwa nyama choma yenye moshi mwingi bado inaipita ya kwetu, huo ndio ukweli. Lakini yetu haipewi hata nafasi! Watu wakisikia Dodoma wanawaza Dompo, ile tamu, wanadhani zote ni sukari, halafu wakiletewa hii kavu ikiwa ya moto wanahitimisha kwamba ni mbaya. Joto limeihukumu.

Na kwa taarifa yenu, mwezi wa nane chaneli inasafiri Dodoma. Kule zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, tunawahi mavuno ya pili, na maikrofoni mpya tayari ninayo, wale mliolalamikia upepo nimewasikia. Bonyezeni kengele msipitwe.

Eh, mishikaki imefika. Asante dada. Pilipili naiweka mbali, ikikutana na kilevi ulimi unawaka moto. Nachukua kipande hiki chenye mafuta... natafuna... na glasi ya kulia juu yake. Mmh! Ukakasi umeyeyuka, nyama na mafuta vimeuchukua, limebaki tunda. Ngoja nirudie na ya kushoto, nisiionee.

Hapana. Dada, samahani, hii ya kushoto iondoe tu. Ndoo iache hapa hapa.