Ubao wa mizani wa watoto: mbao safi, kijitabu kibovu

Nimekaa na ubao huu wiki sita. Wanaoutumia ni Rehema, miaka 8, na mdogo wake Sudi, miaka 5, na mimi mwenyewe nimeanguka nao mara mbili wakati wamelala, kwa hiyo nadhani nina haki ya kuusema.

Ni ubao wa sentimita 70 hivi unaokaa juu ya gogo la mviringo. Unapanda, unajitahidi ncha zake zisiguse sakafu, basi. Umepigwa msasa vizuri, hakuna aliyechomwa na kibanzi, na kwa chini kuna vizuizi viwili vinavyolizuia gogo lisichomoke. Mpira wa kukanyagia ulianza kubanduka pembeni wiki ya tatu. Nimeupaka gundi ya viatu, umeshika.

Tatizo ni kijitabu kilichomo kwenye boksi. Kina maagizo tisa na yote yanahusu mwili: bana tumbo, legeza mabega, kunja magoti, hamishia uzito kwenye vidole vya miguu. Siku ya kwanza nilimsomea Rehema moja baada ya jingine kama mwalimu wa imla. Akainamisha kichwa akawa anaikodolea macho miguu yake, mwili umekakamaa, na kabla hajapanda mara ya pili akaniuliza, "Mama, vidole vyote au kidole gumba tu?" Nilipima kwa simu. Sekunde 4. Sekunde 3. Sekunde 5. Kisha akasema ubao ni mbovu.

Mimi ni fundi cherehani, na hapo nikajikuta nakumbuka wanafunzi wangu. Anayeanza hukazia macho sindano na vidole vyake, mshono ukaenda kama nyoka. Ukimwambia aache vidole, afuate tu ukingo wa kitambaa, mshono unanyooka. Nikakata vipande viwili vya mkanda mwekundu, nikabandika kimoja kila ncha ya ubao, nikamwambia Rehema, "Usiiachie nyekundu iguse chini." Sikutaja goti wala tumbo. Alifika sekunde 11, na magoti yakajikunja yenyewe.

Usiku nikaingia kwenye intaneti kutafuta kama kuna aliyewahi kuliandika jambo hili. Kumbe limechunguzwa miaka mingi. Mwaka 1998 mtafiti Gabriele Wulf na wenzake walichapisha majaribio ya watu wanaojifunza kwenye mashine inayoiga kuteleza kwenye theluji kwa ski. Kundi moja liliambiwa likazie nguvu kwenye mguu wa nje, jingine kwenye magurudumu yaliyo chini ya ubao wa kusimamia. Mguu na gurudumu viko karibu mno, maneno tu ndiyo tofauti, lakini wa magurudumu walijifunza vizuri zaidi. Maelezo yao ni kwamba ukiufuatilia mwili wako kwa makusudi, unauingilia katika kazi ambayo ungeifanya wenyewe. Baadaye, mwaka 2003, wakaonyesha kwamba alama iliyo mbali na miguu inasaidia kuliko iliyo jirani nayo. Kwa hiyo kule kubandika mkanda nchani badala ya mbele ya vidole nilibahatisha vizuri.

Kufikia Jumamosi Rehema alikuwa anasimama sekunde 40. Sidai kwamba yote ni kazi ya mkanda, maana kila siku alikuwa anapanda na mazoezi nayo ni dawa. Lakini Jumapili nilimtega. Nikamwambia tujaribu tena kukaza tumbo na kuangalia vidole, na baada ya sekunde 9 yuko chini, ananitazama kama nimemwibia kitu.

Kwa Sudi mambo yalikuwa mengine kabisa. Kwake nyekundu ilikuwa rangi tu. Alisimama magoti yamenyooka kama vijiti, na nilipomwambia ailinde nyekundu akashuka kwenda kuishika kwa mkono. Ilinibidi nimguse nyuma ya goti na kumwambia "kunja hapa", mara moja, kisha nirudi kwenye mkanda. Siku ya nne akaelewa. Na sishangai, kwa sababu majaribio ya kurusha vishale ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba kukazia mawazo kitu kilicho nje ya mwili kuliwafaa watu wazima, ila watoto hawakufaidika nako vivyo hivyo. Basi asikudanganye mtu kwamba kuna neno moja linalomfaa kila mtoto. Msikilize, mwangalie magoti, kisha chagua.

Boksi limeandikwa kuanzia miaka 3. Hapana. Hata wa miaka 5 nilimshika mkono wiki nzima ya kwanza, na chini tuliweka godoro. Kelele nazo ni nyingi, kila ncha ikipiga sakafu ni kama mtu anagonga mlango kwa hasira, kwa hiyo anayeishi ghorofani atandike zulia kwanza.

Ubao naupa nyota nne, ya tano imekwenda na ule mpira. Kijitabu nakipa sifuri, ingawa siwezi kusema hakina kazi: nimekikunja mara nne, kiko chini ya mguu wa meza ya cherehani uliokuwa mfupi.